Risala ya wanaklabu wa uandishi kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, habari zenu. Tunashukuru sana umefika, na kwa vile tumeambiwa risala isizidi ukurasa mmoja tutaruka historia ya klabu na nani ni katibu, twende kwenye kazi yenyewe.

Sisi tunaandika kumbukumbu fupi. Sio tawasifu, maana mtu wa miaka 16 akianza na "nilizaliwa mwaka fulani" akifika ukurasa wa pili hana tena la kusema. Tunachukua tukio moja tu, dakika chache, watu wawili watatu, maneno yasizidi 300, basi.

Mwanzoni ilikuwa shida na sababu kila mtu anaijua. Toka tukiwa wadogo insha inaanza na jua kuchomoza na ndege kuimba, halafu unamwaga methali na tashbihi ndo upate maksi. Sasa mwenzetu mmoja alitaka kuandika siku bibi yake alipofariki, akaandika "nilihuzunika mno, machozi yakanitiririka njia mbili mbili". Sarufi iko sawa kabisa ila huyo bibi anaweza kuwa wa mtu yeyote yule. Mwalimu hakumkosoa, alimuuliza tu, kitu gani cha bibi ambacho pale nyumbani hamkukiondoa? Akarudi na hii: "Miwani yake ilibaki juu ya redio. Mama akaichukua, akaifuta kwa pindo la gauni, akairudisha palepale." Neno huzuni halimo na hakuna aliyelidai.

Kwa hiyo siku hizi tukikwama tunatafuta kitu kwanza, hisia zitakuja zenyewe. Aya ya kwanza mara nyingi tunaikata yote maana ni ya kujipasha moto tu, stori inaanzia ya pili. Mazungumzo nayo, yaani watu hawaongei kama hotuba, wanakatizana, wanajibu kisichoulizwa. Na kuna waliouliza, mimi nilikuwa na miaka 7 nitakumbukaje maneno yalivyosemwa? Tulikubaliana hivi: maneno andika unavyoyakumbuka, ila tukio ambalo halikutokea usilitunge, ukitaka kutunga nenda kwenye hadithi fupi, huko ruksa.

Gumu kuliko yote ni mwisho. Kila mtu mkono unamwasha kuandika "tangu siku hiyo nilijifunza kwamba". Kuna mmoja aliandika kuhusu baba yake ambaye huwa haombi msamaha, walikuwa wamegombana usiku, asubuhi akamkuta anajaza upepo tairi la baiskeli yake ya kwendea shule, hawakusalimiana. Chini akaweka mistari minne ya kutueleza kwamba wazazi wanatupenda kwa njia zao. Tulibishana sana siku hiyo, mwishowe akaifuta mwenyewe, na kiukweli baba amebaki mkubwa zaidi bila ile mistari.

Changamoto zipo mheshimiwa. Kubwa ni usahihishaji, maana mizani ya maksi bado inahesabu methali, sasa kazi nzuri ya klabuni ikipelekwa darasani inapata alama ndogo na mtu anakata tamaa. Nyingine ni siri za watu. Ukimwandika dada yako yeye hajakuomba, kwa hiyo tunabadilisha majina na hakuna anayelazimishwa kusoma kwa sauti, wala kulazimishwa kuchimba kidonda, unaweza kuandika siku uliyocheka mpaka ukatolewa nje ya darasa na ni kumbukumbu halali kabisa. Ila mwalimu alituambia mapema kwamba akisoma kitu kinachoonyesha mwanafunzi yuko hatarini hatakaa nacho kimya, atatafuta msaada, na tuliona ni haki tujue hilo kabla ya kushika kalamu.

Maombi yetu: walimu wa lugha wakae na klabu wapange jinsi ya kusahihisha kazi hizi, pia tupate walau kipindi kimoja kwa wiki ndani ya ratiba maana jioni wenzetu wengi wanawahi nyumbani.

La mwisho ni lako binafsi mheshimiwa. Wasifu wako tumeshausoma kwenye ratiba ya leo, vyeo vyote tumeviona, hongera sana. Tunaomba kabla ya hotuba utusimulie dakika tano tu za ulipokuwa na umri wetu, mlikuwa wapi, nani alisema nini, na tafadhali usituambie ulijifunza nini.

Tunaomba kuwasilisha.