Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mlango wa Psi Chi

Ndugu wanachama, walimu walezi na wazazi mliofika, asalaam aleikum na karibuni.

Mahesabu mtayasikia kwa mweka hazina, na ziara ya Lamu katibu ameshaieleza. Mimi nina jambo moja, lile lililorudi katika kila kikao chetu hapa Malindi: tutaingiaje Psi Chi, jumuiya ya kimataifa ya wanafunzi bora wa saikolojia?

Jumuiya hii ilizaliwa mwaka 1929 katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na ikawa ya kimataifa mwaka 2009. Mwanafunzi huingia kupitia tawi la chuo chake. Anayesomea shahada ya kwanza awe amemaliza mihula 3, wastani wake usipungue 3.0 kwa kipimo cha 4, na awe ndani ya asilimia 35 ya juu ya wenzake. Ada hulipwa mara moja, uanachama ni wa maisha. Chuo kisipokuwa na tawi, hata aliyeongoza darasa hana pa kupitia. Hapo ndipo tulipokwama, si kwenye alama zenu.

Mwenzetu mmoja alipata barua pepe ya pongezi kutoka kwa watu wengine kabisa, akatuma pesa, akaletewa cheti kisichotambulika popote. Iliniuma sana, maana pesa ile mamake aliipata kwa kuuza samaki. Nawasihi: mwaliko ukija, muulizeni kwanza mwalimu wenu kama chuo kina tawi, kabla hamjafungua M-Pesa.

Wapo waliouliza kwa nini tuhangaikie jumuiya ya ng'ambo. Aprili 2023 miili ya wafuasi wa dhehebu lililohimiza watu kufunga hadi kufa ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, mochari ya hospitali yetu hapa Malindi ilijaa. Waliokufa walipita 400. Jamaa walikuja kutafuta watu wao, na wengi wao wangali na majonzi hayo nyumbani. Nani atakayeuchunguza msiba huu kwa Kigiriama na Kiswahili, kwa kanuni za utafiti, kama si nyinyi? Psi Chi hutoa ruzuku za utafiti kwa wanachama wake, na ina jarida lake la utafiti. Herufi zake mbili za Kigiriki husimamia akili na mikono. Mimi naipenda maana hiyo, kwa sababu kazi yetu hapa inataka vyote viwili.

Kwa hivyo kamati imeandika rasimu ya barua kwa wakuu wa idara mnakosoma, kuwaomba waanzishe ombi la tawi. Ombi ni la chuo, na tawi lazima liwe na mhadhiri mlezi. Chama chetu hakiwezi kuomba kwa niaba yao. Kila mmoja achukue nakala leo kwa katibu, aambatanishe matokeo yake ya mihula iliyopita, na aipeleke mwenyewe, mkononi. Atakayejibiwa, liwe ndiyo au la, anipigie siku hiyohiyo.