Namba 11 mmemwona. Namba 5 je?

Mhariri,

Tangu vijana wetu wa mpira wa magongo wacheze ile mechi ya kujipima nguvu hapa Kisumu Jumamosi iliyopita, kibanda changu cha Kibuye hakijatulia. Mimi ni fundi wa viatu, ila watu wa magongo wananijua kwa kazi ya pembeni: nabadilisha mishikio iliyochanika, naziba nyufa za magongo kwa gundi na faibaglasi, nashona mikanda ya pedi za makipa. Kwa hiyo mtu akiwa na ubishi wa magongo huuleta kwangu hata kama viatu vyake ni vizima.

Wiki hii hata ubishi haupo. Wote wanaimba namba moja tu, 11. "Fundi, huyo mtoto ni moto." "Omera, huyo aitwe timu ya taifa kesho asubuhi." Kuna mmoja ameshamtafutia na klabu ya Ulaya, na huyo alifika uwanjani robo ya tatu ikielekea kuisha. Najua kwa sababu alinikanyaga akitafuta pa kukaa.

Naomba nafasi katika ukurasa wako nipinge, si kwa chuki. Mama yake kijana huyo ni mteja wangu.

Walioikosa mechi niwaeleze kwa ufupi. Kikosi cha vijana, wengi wakiwa wamemaliza kidato cha nne juzi juzi, kilikutana na wakongwe wa klabu moja ya hapa mjini. Ikaisha 3-3. Namba 11 alifunga mawili, yote robo ya nne, na la pili lilikuwa zuri: aliwapita watu wawili kwenye ukingo wa lile duara la mbele ya goli, akalipindua gongo, akapiga kwa rivasi, yaani kwa ukingo wa gongo, chini kabisa hadi ubao wa nyuma ukalia. Hata mimi nilisimama.

Lakini wale wakongwe walikuja watu kumi na wawili. Katika mchezo unaoruhusu kubadilisha wachezaji bila kikomo, mtu mmoja wa akiba ni sawa na kutokuwa na mtu. Beki aliyemkabili namba 11 dakika hizo za mwisho ana mtoto sekondari, na alikuwa amekimbia robo tatu nzima kwenye jua la saa tisa, jua la Kisumu mnalijua. Kijana mwenyewe alikuwa ametoka kupumzika benchi. Kumfunga mtu wa namna hiyo ni vizuri, mabao ni mabao, ila ukitaka kujua kama kijana yuko tayari, mtazame robo ya kwanza, wakati miguu ya kila mtu ingali mipya. Robo ya kwanza namba 11 aliupoteza mpira karibu kila alipoupata. Anampita wa kwanza, anampita wa pili, halafu anamtafuta wa tatu badala ya kutoa pasi, na mpira unaondoka. Mashabiki wanashangilia zile chenga mbili. Ule mpira uliopotea hawauoni, wala hawamwoni anayekimbia kwenda kuziba pengo.

Anayeziba pengo ni namba 5.

Hapo ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu wiki nzima hakuna mteja hata mmoja aliyemtaja. Magongo ya vijana hawa yote mawili yamepita mikononi mwangu, na gongo halijui kumpendelea mtu. La namba 11 limelika kwenye ukingo wa kichwa, pale anapopigia rivasi. Mpini upande wa chini bado una rangi ya dukani. La namba 5 ni kinyume. Kichwa ni kizima, lakini ubavu wa mpini umechunika kuanzia karibu na kichwa hadi mkono wa chini unaposhikia. Hiyo maana yake ni kwamba huyu kijana hulilaza gongo chini, likawa ukuta, mpira usipate pa kupitia. Vifundo vya vidole vyake vya mkono wa kushoto vina makovu, maana ukililaza gongo na mkono nao unalala, na viwanja vyetu vina changarawe. Mtu anayeogopa kuchubuka halilazi gongo. Analisimamisha, anaomba Mungu, mpira unapita.

Na kwenye kona fupi ndiko hasa nilikotamani watu wangetazama. Wasioijua kona fupi: anayeshambulia anausukuma mpira kutoka mstari wa nyuma, mita 10 kutoka mwimo wa goli, wenzake wanausubiri nje ya duara. Walinzi ni watano tu, kipa akiwemo, nao wanasubiri nyuma ya mstari; wengine wote wa upande wao wamepelekwa katikati ya uwanja. Mpira ukiguswa, mlinzi mmoja anatoka mbio kumwelekea mpigaji. Haendi kuunyang'anya mpira, mara nyingi hataufikia. Anakwenda kuuziba upande mmoja wa goli kwa mwili wake, ili kipa abaki na upande mmoja wa kulinda. Kwenye mashindano ya dunia mpira huo unaweza kuzidi kilomita 100 kwa saa. Wakongwe wetu hawafiki huko, lakini mpira wa magongo una uzito wa gramu 160 hivi na ni mgumu kama jiwe la kusagia. Namba 5 alitoka wa kwanza kila kona, kavaa barakoa ambayo mkanda wake niliushona mimi kwa ngozi ya kiatu. Mara moja mpira ulimpata pajani, akiwa amekaribia kabisa. Refa akawapa vijana mpira wa adhabu, na ni haki, kwa kuwa ulimgonga juu ya goti. Nyuma yangu watu wakacheka, wengine wakamzomea refa. Kijana akasugua paja, akarudi mahali pake.

Wakongwe walipata kona fupi nyingi na wakafunga moja tu. Mtu akisema kijana fulani aliiokoa mechi ile, mimi najua alivaa namba gani mgongoni.

Kuna na namba 8, ambaye kibandani kwangu ameitwa mzigo hadi nikachoka. Huyo ni kiungo. Wote waliomwona akiwa shuleni wanajua ni kiungo. Kocha alimweka beki ya kushoto. Mlitaka afanye nini? Gongo lina uso mmoja tu wa bapa na hakuna gongo la mashoto duniani, kwa hiyo beki wa kushoto anashambuliwa upande ule ule ambao gongo lake ni gumu kuufikia. Ni pahali pa mateso. Kocha alimweka pale makusudi, kwa sababu mechi ya kujipima nguvu haina pointi, na ndiyo nafasi ya kujua mtu akitolewa mahali alipozoea anafanyaje. Alikosea, ndiyo, bao la kwanza lilipita kwake. Lakini robo ya tatu alikuwa ameshajifunza kusimama hatua moja zaidi kushoto, kumlazimisha winga aingie ndani kwenye watu. Hakuna aliyemwambia, nilikuwa karibu na benchi ningesikia. Mimi kijana anayejirekebisha mwenyewe mchana mmoja ningemwandika kwenye daftari kabla ya mfungaji wa mabao mawili.

Sasa lile la Tari. Kuna wazee wangu wawili, wameuona mchezo huu tangu enzi ambazo vilabu vya Wahindi ndivyo vilivyotamba, nao wamemvisha namba 11 jina hilo. Avtar Singh Sohal, ndiye Tari, nahodha wa Kenya aliyecheza Olimpiki nne kuanzia Roma 1960 hadi Munich 1972. Akina Tari walimaliza wa sita Tokyo 1964, na mwaka 1971 Kenya ikawa ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza kabisa, Barcelona, nyuma ya Pakistan, Uhispania na India. Ni jina zito. Nawaheshimu wazee wangu, lakini Tari alikuwa beki! Mkitaka kumpa mtu jina lake, vukeni uwanja mkampe yule mwenye makovu ya vidole. Ingawa hata huyo ningeomba mumwache kwanza. Nimeona vijana wakivishwa kilemba cha ukoka mwezi wa kwanza, ikifika Agosti hawaji mazoezini kwa sababu kocha amethubutu kuwaweka benchi.

Halafu kuna jambo la uwanja, ambalo mashabiki wa huku tunalisahau. Mwaka 1976, pale Montreal, magongo ya Olimpiki yalichezwa kwa mara ya kwanza kwenye nyasi bandia. Kenya haikuwepo, tulikuwa tumesusia pamoja na nchi nyingi za Afrika. Tulirudi Los Angeles 1984, tukaenda Seoul 1988, na tangu hapo wanaume wetu hawajaiona tena Olimpiki. Mchezo ulibadilika. Kwenye nyasi zetu mpira unarukaruka, kijana anajifunza kusubiri na kuinua gongo kidogo ili aukamate ukidunda. Kwenye nyasi bandia zilizomwagiwa maji mpira hauruki, unateleza, na unafika kabla hujaamua. Aliyezoea kusubiri anaachwa amesimama.

Kwa hiyo nikiwa hapa Kisumu nikimpima kijana, najiuliza ni nini katika mchezo wake kitasafiri naye hadi City Park, uwanja wa nyasi bandia kule Nairobi. Chenga zile za namba 11 nusu yake zinategemea mpira kudunda na beki kubahatisha. Nusu nyingine ni zake kweli, kwa maana mkono wake wa kushoto ni mwepesi sana, na huo haufundishwi. Kulala chini kwa namba 5 kutasafiri kote. Na kuna kitu kingine nilikiona kwake, kidogo: kabla mpira haujamfikia hutupa jicho nyuma ya bega, mara moja, halafu ndipo anaupokea. Anajua anampa nani kabla hajaushika.

Nisimalize bila wasichana, kwa sababu nao walicheza siku ile ile, kabla ya wavulana, mbele ya mama zao, mimi, na muuza njugu. Hao wanaonipigia kelele kibandani hawakuwa wamefika. Huu ni upande wa nchi wenye Tigoi, Misikhu, Sinyolo na Nyamira, shule ambazo ukizitaja kwa mtu yeyote wa magongo Kenya hii anakaa vizuri kukusikiliza. Telkom, ile klabu ya wanawake, walipokuwa wakitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mara kwa mara, tulikuwa tunajivunia hapa kama ni timu ya mtaani, lakini msichana akicheza mbele ya macho yetu tunakuwa bado tunakunywa chai. Kipa wa Jumamosi, mrefu, soksi za rangi mbili tofauti, hakuupiga teke mpira hata mara moja kuurudisha katikati kwa washambulizi. Kila alipouokoa aliusukuma kwa pedi kwenda pembeni, nje ya hatari. Makipa wengi wa ligi wanasahau hilo wakibanwa. Kama kuna skauti wa klabu anasoma barua hii, nimeshamwambia.

Kwako Mhariri nina ombi. Mechi za magongo za huku Magharibi na Nyanza zikichezwa, hata za shule, chapisha vikosi. Majina na namba, basi, hata kama hakuna nafasi ya habari ndefu. Mpira wa miguu tunajua hadi mchezaji wa akiba wa timu ya daraja la pili anakula nini. Magongo tunasoma matokeo na jina la mfungaji, ndiyo maana shabiki anamjua mfungaji peke yake na wengine kumi anawaita "wale". Butali wametoka nyumbani kwetu Malava, jina la kiwanda cha sukari, wakawa mabingwa wa ligi kuu, na bado ninaowahudumia hapa hawawezi kunitajia mabeki wao wawili.

La mwisho ni la mfukoni. Namba 5 aliniletea gongo lake Jumatatu. Ufa niliouziba mwaka jana umefunguka tena na sasa umepita hadi upande wa pili. Nimeuziba, sikumtoza, lakini nimemwambia ukweli kwamba kona fupi chache zijazo litavunjika mikononi mwake, na gongo la maana ni pesa ambazo nyumbani kwao hazipo. Hawa wanaotaka kumtafutia mwenzake klabu ya Ulaya wanajua kibanda changu kilipo. Nimeweka kopo juu ya meza, karibu na rangi ya viatu. Nimetangulia kutia mia mbili.

Fundi Viatu,
Kibuye, Kisumu.