Kabla Nuru hajaanza kikapu

Kinondoni, Dar es Salaam

Shoga yangu Zena,

Salamu nyingi kutoka huku, ambako jasho linatutoka hata tukiwa tumekaa. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza kwenye daladala, nikaurudia nyumbani kwa sababu konda alikuwa anaita abiria masikioni mwangu. Nimefurahi kwamba binti yako Nuru anakuja kusoma kwa shangazi yake, na nimefurahi zaidi kusikia anataka kucheza mpira wa kikapu. Umeuliza kama kitamnyoosha, maana siku hizi anajibu kwa mkato na kila kosa ni la mwenzake. Nimeamua kukuandikia. Nikikurekodia sauti ikapita dakika mbili huwa humalizi, nakujua.

Kikapu chenyewe hakimnyooshi mtu. Nimekaa pembeni mwa viwanja hivi miaka mingi, kwanza kama mchezaji, sasa namsaidia kocha wa watoto. Nimeona wanaotoka hapa waungwana, na wanaotoka watukutu kuliko walivyoingia, na wote walidunda mpira uleule. Kwa ninavyoona mimi, tofauti inaletwa na jinsi kocha anavyomchukulia yule mtoto anayefunga kuliko wenzake. Kwa hiyo ukija, usianze kuuliza wana vikombe vingapi. Nenda na Nuru mazoezini kabla hujalipa hata shilingi, mkae pembeni, mmtafute huyo nyota wao, halafu muone anafanywa nini akichelewa.

Kwetu tuna binti mmoja wa hivyo. Mrefu, anatumia mkono wa kushoto, akishaugusa mpira wenzake wanahesabu pointi. Siku moja ya mechi ya kirafiki alifika wenzake wakiwa wameshapasha misuli moto. Kwetu asiyepasha na wenzake haanzi. Kocha hakumfokea. Alimpa penseli na karatasi ya matokeo, akamkalisha mezani kando ya mtunza saa, aandike kila pointi na kila faulo. Mama yake akaja juu: “Kocha, nimetoka naye Mbagala kwa nauli yangu, aje kuwa karani?” Akajibiwa kwa upole, “Robo ya tatu atacheza, mama.”

Basi binti akaandika, uso umevimba. Robo ya pili ikiwa katikati nikamwona anaikodolea macho ile karatasi. Faulo zilikuwa zinajazana kwenye mstari wa mtoto mmoja, yule mdogo kuliko wote kwa umbo, ambaye kila wapinzani wakija mbio anabaki peke yake chini ya kikapu anawazuia kwa mikono na kifua. Tayari alikuwa na faulo nne, na unajua ya tano ni kutoka moja kwa moja. Binti akamuuliza kocha, “Huyu mbona kila faulo ni yake?” Kocha akamwambia aendelee kuandika.

Alipoingia robo ya tatu alirudi kulinda kila mara, mpaka akawa anahema kama mgonjwa. Mechi tulifungwa. Wiki iliyofuata akasahau kurudi, tukamkumbusha, akanuna, akakumbuka. Ndivyo inavyokwenda, Zena. Asikudanganye mtu kwamba kuna siku mtoto anabadilika mbele ya macho yako.

Wewe na mimi tulianzia kwenye mpira wa pete, netiboli, kwa hiyo hili utalielewa haraka. Kwenye pete una herufi zako kifuani na eneo lako. Mwenye GS, yule mfungaji, hata akitaka kurudi kulinda haruhusiwi, na goli likiingia anaweza kushika kiuno akasema halimhusu. Mimi pete naipenda mpaka leo, wala siisemi vibaya, ila kwenye kikapu hakuna herufi. Wako watano, wote wanashambulia, wote wanalinda, na wapinzani wakifunga hakuna wa kusema halikuwa eneo lake. Kwa mtoto ambaye kila kosa ni la mwenzake, hiyo ni dawa chungu kidogo.

Halafu kuna mitupo huru. Umechezewa faulo, mchezo umesimama, watu tisa wanakutazama wewe. Umbali ni mita 4.6 kutoka kwenye ubao, ringi iko juu mita 3.05, hakuna anayeruhusiwa kukuzuia, na una sekunde tano. Ukikosa, utamlaumu nani? Nimeona watoto wanaoongea kuliko redio wanafika pale wanakuwa bubu. Kocha wetu anataka kila anayekosa akaguswe mkono na wenzake wote, sawasawa na aliyepata. Mwanzoni niliona ni mapambo tu. Sasa natamani kila timu ifanye hivyo, kwa sababu mtoto akiona kukosa hakumfanyi atengwe, haoni tena haja ya kutafuta wa kumsukumia lawama.

Na huu mchezo asili yake ni kutuliza vijana. James Naismith alikuwa mwalimu wa michezo kule Springfield, Marekani, mwaka 1891. Alikabidhiwa darasa la vijana wakorofi waliochoka kufungiwa ndani wakati wa baridi, akatakiwa awabunie mchezo. Akakataza kukimbia na mpira mkononi, kwa sababu asiyekimbia nao hakuna haja ya kumrukia na kumwangusha. Lengo akaliweka juu ya vichwa, kapu la kuwekea matunda, ili mpira urushwe kwa kuupima, siyo kwa kuubamiza. Ukiangalia vizuri, kanuni zile ziliwekwa ili ubabe usimsaidie mtu.

Lakini ubabe ukifukuzwa mlangoni unarudi dirishani. Kuna timu nyingine, sitaitaja, ilimchukua kijana wetu mmoja mwenye kipaji aliyechoka kukaa benchi kwa utoro wake. Kule anakuja akitaka, anamtukana refa, na anaanza kila mechi. Anafunga kweli. Wadogo zake pale nao wameshaanza kuwatukana marefa, na wao hawafungi.

Shemeji naye mwambie asianze kumpima mtoto ukutani. Najua mzazi akisikia kikapu anamuwaza Hasheem Thabeet, mtoto wa hapahapa Dar aliyechaguliwa wa pili kuingia NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mwaka 2009. Tunajivunia, na haki yetu. Lakini Hasheem ana zaidi ya mita mbili na sentimita 20, na urefu huo haufundishwi mazoezini. Nuru aje acheze, na daftari liende naye. Akishuka darasani msikimbilie kumkataza kikapu, mwambieni kocha, atajua la kufanya na dakika zake za kucheza.

Sasa ya kwetu wanawake. Uliza kama kuna mama au dada mtu mzima kwenye uongozi wa timu, na anakuwepo siku zote, siyo siku za picha tu. Uliza wanamaliza saa ngapi. Sisi kabla ya magharibi mabinti wameshapanda gari, kwa makundi. Kocha akikuona msumbufu kwa maswali hayo, mshukuru, ondoka, mtafute mwingine.

Viwanja havikosekani. Kuna Don Bosco pale Upanga, kuna JMK Park pale Kidongo Chekundu, na shangazi yake akiwa upande wa Kimara, basi la mwendokasi linamshusha Gerezani, kutoka hapo anatembea. Nitakuwa naye wiki za mwanzo mpaka azoee njia.

Viatu msinunue huko. Jumamosi nakwenda soko la Karume asubuhi na mapema, kabla wajanja hawajachagua, na raba za kikapu za mtumba zinazofunika kifundo cha mguu zinapatikana. Nitumie namba ya mguu wake, uongeze moja maana umri wake huo mguu haukai. Na umwambie aje na kaptura ndefu au suruali ya mazoezi, yoyote atakayokuwa huru nayo. Kwetu wapo wanaocheza na hijabu na hakuna anayeuliza.

Msalimie mama, mwambie ule ubuyu wake ulifika na haukulala.

Ni mimi shoga yako,
Tatu