Jina la pengwini lilikuwa la ndege mwingine

Mhariri,

Makala yenu kuhusu ndege wa baharini ilieleza kwamba jina "pengwini" limetoka katika lugha ya Wales, pen gwyn, yaani kichwa cheupe, ikaishia hapo. Lakini pengwini wengi wana kichwa cheusi. Msomaji ameachwa njiani.

Jina hilo halikuanza kwao. Mwenye nalo alikuwa auki mkubwa, ndege wa Atlantiki ya kaskazini, mrefu wa takriban sentimita 80, mweusi mgongoni, mweupe tumboni, asiyeweza kuruka. Kichwa chake nacho kilikuwa cheusi, ila alikuwa na baka jeupe kati ya jicho na mdomo. Kwa sababu hiyo wako wataalamu wanaosema kichwa cheupe kilikuwa rasi au kisiwa walikoishi ndege hao. Wengine wameshika neno la Kilatini pinguis, maana yake nono. Mimi naelekea upande huu wa pili, maana mabaharia walimwinda kwa nyama na mafuta yake.

Katika karne ya 16 mabaharia wa Ulaya walifika ncha ya kusini ya Amerika, wakakuta ndege wa umbo lile lile, wakawapa jina walilolizoea. Undugu wa karibu haupo. Auki ni wa ukoo mmoja na shakwe, ilhali pengwini wamekaribiana zaidi na albatrosi. Wafaransa wamejiepusha na mkanganyiko huu: kwao pingouin ni ndege wa kaskazini, na wa kusini huitwa manchot.

Kinachoniuma ni kwamba mwenye jina hayupo tena. Katika kisiwa cha Funk, karibu na Newfoundland, Kanada, auki waliuawa kwa wingi wa kutisha kwa ajili ya nyama, mafuta na manyoya. Wawili wa mwisho wanaojulikana waliuawa mwaka 1844 katika kisiwa cha Eldey, Iceland, kwa sababu wakusanyaji wa ndege adimu walitaka ngozi zao. Kwa wanasayansi bado anaitwa Pinguinus impennis.

Mkiandika tena kuhusu pengwini, mtajeni auki. Mtajeni pia pengwini wa Afrika, wa pwani za Namibia na Afrika Kusini, ambaye mwaka 2024 aliwekwa katika daraja la ndege walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Msomaji wenu