Safari ya skii Alps ipangwe kuanzia kilomita za mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwaeleze wasomaji wanaojiandaa kwenda kuteleza kwa skii kwenye milima ya Alps jambo ambalo matangazo ya safari hayalisemi. Wengi hutafuta kwanza chumba chenye picha nzuri, kisha ndege ya bei nafuu, na mwisho kabisa ndipo hujiuliza watafikaje mlangoni kutoka uwanja wa ndege. Mpango huo umesimama kichwa chini miguu juu. Likizo nyingi za Alps huharibika kwenye kile kipande cha mwisho cha barabara ya mlimani, na kipande hicho ndicho kinachopaswa kuamua siku ya kufika, aina ya usafiri na mahali pa kulala.

Nianze na siku. Ufaransa, nyumba nyingi za likizo hukodishwa kuanzia Jumamosi hadi Jumamosi. Anayeondoka hutakiwa awe ametoka kama saa nne asubuhi, na anayeingia hupewa funguo kama saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo bonde zima hubadilisha wageni kwa siku moja. Sasa chukua bonde la Tarentaise: Val Thorens, Courchevel, Méribel, La Plagne, Les Arcs, Tignes na Val d'Isère, vyote vinategemea barabara kuu moja inayotoka Albertville kupitia Moûtiers hadi Bourg-Saint-Maurice. Tarehe 27 Desemba 2014, siku ya Jumamosi, theluji nzito iliwakuta watu kwenye foleni hiyo, na madereva wapatao 15,000 wakakwama mkoani Savoie, lilipo bonde hilo. Wengi walilala kwenye kumbi zilizofunguliwa usiku ule kuwahifadhi. Theluji peke yake isingewakwamisha watu wengi kiasi hicho. Ilikutana na Jumamosi ya sikukuu.

Dawa ipo, nayo ni kutafuta nyumba au hoteli inayopokea wageni Jumapili. Hazikosekani, ila lazima ubadilishe tarehe mwenyewe unapotafuta, kwa sababu tovuti nyingi za kukodisha hukuonyesha Jumamosi tu. Faida yake haiishii barabarani. Mgeni wa Jumamosi huteleza Jumapili hadi Ijumaa kwa pasi ya siku sita ya lifti zinazopandisha watelezaji mlimani. Wa Jumapili huteleza Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumamosi hiyo hukuta njia za mlimani hazina watu kwa sababu wenzake wako kwenye foleni bondeni. Kuna tahadhari moja tu. Madarasa ya wanaoanza mara nyingi huanza Jumapili au Jumatatu. Hakikisha darasa lako ni la Jumatatu kabla hujalipia chumba, la sivyo utakuwa umepoteza somo la kwanza, na kwa mwanafunzi wa skii somo la kwanza ndilo la kujifunza kusimama.

Kuhusu wiki zenyewe sitasema mengi. Ufaransa imegawa likizo za shule za Februari katika kanda tatu, A, B na C, na Paris imo kwenye C. Kwa jumla likizo hizo hufunika kama wiki nne, kuanzia mapema au katikati ya Februari hadi mwanzoni mwa Machi. Epuka wiki ambazo kanda mbili ziko likizo kwa pamoja. Wiki za Januari baada ya Mwaka Mpya huwa tulivu na bei hushuka. Ukienda Aprili, chagua kijiji cha juu: Val Thorens iko mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, wakati Kitzbühel haifiki mita 800.

Sasa usafiri. Ushauri wangu kwa mtu asiyewahi kuendesha gari kwenye theluji ni kuchagua kijiji kinachofikika kwa treni, hata kama chumba chake kitakuwa ghali kidogo. St. Anton am Arlberg, Austria, ina stesheni kijijini kwenyewe, na treni kutoka Zurich huchukua kama saa mbili na nusu. Zermatt, Uswisi, hairuhusu magari ya wageni kabisa. Mwenye gari huliacha kijiji cha chini cha Täsch na kumalizia kwa treni ya dakika 12. Kwa hiyo anayekodi gari ili aende Zermatt analipia maegesho ya wiki nzima bure, ilhali treni kutoka uwanja wa ndege wa Zurich ingempeleka Visp, na kutoka hapo treni ya mlimani ingemfikisha kwa saa moja na dakika chache. Ufaransa, treni ya kasi ya TGV kutoka stesheni ya Gare de Lyon jijini Paris hufika Bourg-Saint-Maurice kwa kama saa tano. Pale kuna treni ya kamba inayopanda hadi Arc 1600 kwa dakika saba.

Makosa ya treni yako mawili. La kwanza ni kukata tiketi ya TGV iliyobanana na muda wa ndege kutua. Shirika la ndege na la reli hawana mkataba kati yao juu ya tiketi zako mbili. Ndege ikichelewa, tiketi ya treni imepotea. Kutoka uwanja wa Charles de Gaulle hadi Gare de Lyon ukiwa na mizigo, acha angalau saa tatu. La pili ni kusahau basi la mwisho. Treni inaweza kuingia Moûtiers usiku na basi la kwenda kijijini likawa limeshaondoka, na teksi ya mlimani usiku hukamua mfuko. Ile treni ya kamba nayo ina saa ya kufunga. Angalia kwanza ratiba ya basi la mwisho, ndipo urudi nyuma kuchagua treni, kisha ndege.

Majina nayo hudanganya. Austria kuna St. Johann in Tirol na St. Johann im Pongau, miji miwili iliyo mbalimbali, na kuna watu hukata tiketi ya mmoja wakiwa wamelipia chumba kwenye mwingine. Courmayeur iko Italia, Courchevel iko Ufaransa. Na Courchevel yenyewe ni vijiji kadhaa vilivyopandana mlimani, kikiwemo Le Praz kwenye mita 1,300 na, juu zaidi, kile kiitwacho Courchevel 1850. Andika jina kamili pamoja na namba ya posta.

Anayeamua kukodi gari asome vizuri hapa. Ufaransa, kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi, gari katika maeneo ya mlimani yaliyotangazwa lazima liwe na matairi ya majira ya baridi kwenye magurudumu yote manne, au libebe minyororo au soksi za matairi (vitambaa vya kuvalisha tairi) za kutosha magurudumu mawili yanayolisukuma. Tairi linalokubalika lina alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake hazitoshi tena tangu Novemba 2024. Austria inataka matairi hayo kila barabara inapokuwa na theluji au barafu, kuanzia 1 Novemba hadi 15 Aprili.

Uwanja wa Geneva una upande wa Uswisi na upande wa Ufaransa, na ofisi za kukodi magari ziko pande zote mbili. Gari la upande wa Ufaransa mara nyingi ni nafuu, lakini usidhani lina matairi ya theluji wala stika ya barabara kuu za Uswisi, ambayo ni faranga 40 kwa mwaka. Uliza, na upate jibu kwa maandishi. Gari lirudishwe upande ulikolichukua; kulipeleka upande wa pili huzaa gharama, na pande hizo hazifikiwi kwa njia moja.

Minyororo isifunguliwe kwa mara ya kwanza gizani kwenye kona ya mlima. Linganisha namba iliyo ubavuni mwa tairi, mfano 205/55 R16, na iliyo kwenye boksi. Soma pia kitabu cha gari, maana magari mengine hayana nafasi ya minyororo na huruhusu soksi tu. Jaribu kuifunga mahali pakavu. Ile aina yenye pete ya waya hufungwa hivi: sukuma pete nyuma ya gurudumu ukiwa umepiga goti, inua ncha zake mbili zikutane juu ya tairi uziunganishe, irudishe nyuma hadi ikae sawasawa pande zote, funga ndoano ya mbele, kisha vuta mnyororo wa kukazia hadi ulegevu uishe. Endesha kama mita 100, simama, kaza tena. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu huiruka, na mnyororo uliolegea hupiga ndani ya madigadi ya gari na kukata nyaya za breki. Gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele hufungwa mbele. Usivuke kilomita 50 kwa saa. Glavu za mpira, tochi ya kichwani na kipande cha turubai cha kupigia goti viwe juu ya mizigo, visiwe chini yake. Na simama kwenye eneo lililotengwa kabla mpando haujawa mkali. Anayesubiri hadi magurudumu yateleze huwa ameziba njia ya wote walio nyuma yake.

Ramani ya simu nayo isiaminiwe bila kuhakikiwa. Barabara ya kuvuka mlima ya Galibier, mita 2,642, na ile ya Iseran, mita 2,764, hufungwa majira yote ya baridi. Sehemu za skii za Valloire na Serre Chevalier zinaonekana jirani kwenye ramani, lakini wakati wa skii mlima ulio katikati yake hauvukiki na mzunguko wake hula saa kadhaa. Wenye magari ya dizeli wajaze tangi karibu na milima, kwani mafuta yanayouzwa huko yametengenezwa yasigande kwenye baridi kali.

Nije kwenye malazi. Tangazo la Ufaransa likisema "2 pièces 4 personnes", hesabu vyumba kwa makini: ni chumba kimoja cha kulala na sebule, na sebuleni wawili watalala kwenye sofa inayokunjuliwa. Likisema "coin montagne", hicho ni kitanda cha ghorofa kilichobanwa kwenye korido, hakina dirisha, mara nyingine kimetengwa kwa pazia tu. Tafuta idadi ya mita za mraba. Watu wanne kwenye mita 25, wote na makoti yaliyolowa, helmeti na buti, watakuwa wakipishana kwa zamu. Uliza kama kuna kabati la skii lenye joto la kukausha buti, maana buti iliyolala imelowa huwa jiwe asubuhi na huuma kifundo siku nzima.

Maneno "mita 300 kutoka lifti" hayatoshi. Mita hizo ukizipanda kwa buti ngumu kwenye barafu, na mtoto mkononi, ni safari. Uliza kama njia ina mpando, na kama jioni mtu anaweza kuteleza hadi mlangoni. Bei nayo huwa haijakamilika: mashuka na mataulo, usafi wa mwisho, kodi ya wageni kwa kila mtu mzima kwa kila usiku, na dhamana ya uharibifu. Hata aliyelipia usafi, mara nyingi pembe ya jikoni inabaki jukumu lake.

Mwenye mfuko mdogo aitazame Brides-les-Bains. Iko mita 600 tu, ila ina gari la kebo linalopanda hadi Méribel kwa kama dakika 25, lililojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya Albertville ya mwaka 1992. Vyumba vyake ni nafuu kuliko vya juu. Ubaya wake ni kwamba hutelezi kurudi nyumbani, na kebo ya mwisho ikikuacha, ni basi au teksi.

Anayehitaji viza ya Schengen aombe kwa nchi atakayolala siku nyingi zaidi. Kutua Geneva na kulala Chamonix ni maombi ya Ufaransa. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari, ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima iwe ya angalau euro 30,000. Lakini bima ya viza haimaanishi bima ya skii. Soma kama inalipa kuokolewa mlimani na helikopta, na kama inagusa kuteleza nje ya njia rasmi. Italia hutaka kila anayeteleza awe na bima ya madhara kwa wengine. Taarifa za hatari ya maporomoko ya theluji hutumia ngazi 1 hadi 5. Namba ya dharura ni 112.

Ukinunua ndege na malazi pamoja kwa mwandaaji mmoja aliye chini ya sheria za Umoja wa Ulaya, na barabara au ndege ya kurudi ikashindikana kwa sababu zisizozuilika, mwandaaji hubeba gharama ya malazi hadi usiku tatu. Ukinunua kimojakimoja, mwenye nyumba hana wajibu huo. Zermatt ilipokatika barabara na reli Januari 2018, wageni wapatao 13,000 walibaki kijijini. Kwa hiyo siku ya kurudi usichukue ndege ya asubuhi. Gari kutoka Val Thorens hadi Geneva huchukua kama saa tatu barabara ikiwa wazi. Jumamosi ya Februari ongeza nyingine tatu, na dawa za kila siku ziwe za siku nne zaidi ya tarehe iliyo kwenye tiketi.

Wako,
Msomaji