Mhariri, hii ni mara ya tatu nafundishwa debiti na krediti

Ndugu Mhariri,

Salaam. Naomba kanafasi kadogo kwenye gazeti lako. Mi sio mwandishi, ni mtunza vitabu tu wa kampuni moja hapa Morogoro kwahiyo nikichapia mnisamehe, ila hili jambo la kurudishwa kwenye masomo niliyokwisha kufaulu limenikaba kooni tangu mwezi wa kumi na moja nilipoanza digrii ya uhasibu, darasa la jioni.

Wiki ya kwanza lekchara kaingia, kijana mstaarabu kabisa, kaandika ubaoni debiti kushoto krediti kulia, zile pande mbili za daftari la hesabu. Nikacheka kimoyomoyo. Mara ya kwanza kufundishwa hiyo kitu nilikua form three, mara ya pili diploma, na baada ya diploma nimekaa kazini miaka 9 nafunga hesabu kila mwezi, napeleka ritani za TRA, nalinganisha daftari na stetimenti ya benki mpaka macho yanauma, afu jioni natoka kazini nakaa kwenye kiti naelezwa urari (ule wa kuangalia kama debiti na krediti zinalingana) ni kitu gani. Vijana wananiita mjomba. Ikitoka kazi ya grupu wote wanataka kua grupu langu, na mpaka sasa hivi hiyo ndo faida pekee niliyoiona ya kurudia.

Siku moja nikaamua nikae chini na matokeo yangu ya diploma pamoja na orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza wa digrii, nikawa naweka tiki. Masomo 12 ya mwaka mzima, 7 nimeshayasoma. Sio yanafanana, ni yale yale, mengine hata jina halijabadilika: komyunikesheni skilzi, hesabu za biashara, uchumi wa mwanzo, developmenti stadi, kompyuta ya kufungua na kufunga. Ada yangu ni shilingi 1,300,000 kwa mwaka. Kwahiyo kama laki saba na nusu nalipia vitu ambavyo vyeti vyake viko kwenye bahasha kabatini kwangu, na hapo sijahesabu bodaboda ya kurudi saa tatu usiku wala mama watoto anavyoniangalia.

Nikaenda ofisini kuuliza kama naweza kusamehewa hata matatu tu. Nikaambiwa mfumo haukubali. Mhariri, nchi hii ukiambiwa mfumo haukubali basi jua maongezi yameisha. Lakini dada wa pale alikua mwema akanieleza, diploma ni levo ya 6 na digrii ni levo ya 8, kwahiyo hata kama somo ni lile lile levo sio ile ile. Sawa, hiyo nimeielewa. Ila tesiti ya kwanza ilipokuja nikakuta swali ambalo kwenye diploma tulipewa gumu kuliko lile, sasa hizo levo zinakaa wapi sijui, labda kwenye kava.

Na sio kwamba kusamehe masomo ni kitu kigeni kwetu. Hawa hawa wahasibu, ukimaliza digrii ya uhasibu ukaenda NBAA, ile bodi ya wahasibu, kufanya mitihani ya CPA (ya kua mhasibu kamili) hawakuanzishi chini kabisa, kuna mitihani unasamehewa kwa sababu wanajua umeshaisoma chuoni. VETA nao wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia gereji chini ya mwembe, akionyesha anajua anapewa cheti chake bila kukaa darasani upya. Jirani zetu Kenya vyuo vingi mtu akija na diploma nzuri ya fani ile ile wanaweza kumuingiza mwaka wa pili moja kwa moja. Sasa mi najiuliza, fundi wa gereji anaaminika, mhasibu wa bodi anaaminika, mwenye diploma aliyesimamiwa na NACTVET (baraza la vyuo vya kati na ufundi) mitihani yake yote akivuka geti la chuo kikuu anageuka hajui kitu?

Kuna watu najua watasema huyu anataka digrii za chapuchapu. Hapana. Mi sitaki daktari apunguziwe hata siku moja, asome miaka yake 5 na mwaka wa intanishipu juu, ndo mtu anayekuja kunipasua tumbo. Ninachosema mi ni kusoma mara moja badala ya mara mbili. Tena wanipe mtihani! Waniite mwezi wa tisa kabla chuo hakijafunguliwa, wanipe pepa za yale masomo 7, nikifeli nikae na vijana nisome kwa adabu, nikifaulu niende zangu mbele. Chuo kisitoe hata lekchara mmoja, ni gharama ya karatasi na msimamizi tu.

Alafu kuna hela ya umma humo ndani ambayo watu hawaizungumzii. Tangu mwaka 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha na wa diploma kwa baadhi ya fani, jambo zuri sana na wengi limewaokoa. Lakini huyo kijana aliyekopeshwa diploma akija kukopa tena digrii ya fani ile ile anaanzia mwaka wa kwanza, analipiwa ada tena, anapewa bumu (hela ya kujikimu) la shilingi 10,000 kwa siku tena, kujifunza kitu ambacho Bodi ile ile imeshakilipia. Na deni ni lake, akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara. Nusu ya mwaka wa kurudia sio ndogo kwa mtu anayekatwa hivo.

Kitu kingine ni hizi keri, yaani somo ulilofeli unalolibeba mpaka ulirudie. Kuna kijana jirani yangu hapa mtaani, mwaka wa tatu alikamatwa na somo moja la semista ya pili. Sapu (mtihani wa marudio) mwezi wa tisa akateleza. Basi, lile somo linafundishwa semista ya pili tu, kwahiyo akasubiri mpaka mwakani, kapanga geto mjini miezi yote hiyo, kalipa na hela ya usajili, wenzake wameshavaa majoho yeye anauza vocha. Mwaka mzima kwa somo moja. Sitetei waliofeli, lakini hayo majengo yapo, walimu wapo, na kati ya mwezi wa saba na wa kumi ukipita vyuoni ni kunguru na walinzi tu, wanafunzi wako fildi (mafunzo ya vitendo) au kwao. Hivi haiwezekani masomo yanayoangusha watu wengi yakafundishwa tena wiki 8 za likizo?

Maana hata hesabu yenyewe inaruhusu. Digrii ya miaka 3 ni krediti 360, (sio krediti ya kulia ubaoni, hizi ni za kupimia uzito wa masomo), yaani 120 kwa mwaka, na kila moja wanaihesabu ni masaa 10 ya kusoma. Hayo ni masaa 1,200. Mtu akisoma masaa 40 kwa wiki kama mfanyakazi wa kawaida anamaliza kwa wiki 30. Mwaka una wiki 52. Toa 8 za fildi bado una 14 mkononi za kufidia keri au za kwenda mbele. Chuo Kikuu Huria kipo tangu 1992 na mtu anaenda kwa mwendo wake kutokana na kazi na mfuko, sasa kwanini vyuo vingine wote twende mwendo wa gari moshi?

Na huko nyuma kabla ya chuo napo kuna muda unapotea, sema nisiende mbali sana. Mtoto wa dada yangu alimaliza form four mwezi wa 11, matokeo mwezi wa kwanza, kaingia form five mwezi wa saba. Miezi 8 yuko nyumbani, dada kalipia tuisheni ya prifomu faivu asije akaharibikia mtaani. Kamaliza form six mwezi wa tano, chuo mwezi wa kumi na kitu. Wengine hapo katikati wanaenda JKT, sina neno, lakini ukijumlisha vipande vyote ni zaidi ya mwaka mtoto hayuko darasani wala hayuko kazini. Sera mpya ya elimu imepunguza msingi kua miaka 6 na watu wakabishana sana redioni, kumbe mwaka mwingine mzima ulikua umelala kwenye kalenda na hakuna wa kuuchokoza.

Mi ombi langu ni dogo. TCU, ile tume ya vyuo vikuu, na NACTVET wakae meza moja, wachukue mtaala wa diploma na wa digrii kwa kila fani, waweke tiki kama nilivyoweka mimi na peni ya shilingi mia tatu. Yanayolingana yaandikwe rasmi kwamba ukifaulu kwa B hurudii, au ufanye mtihani wa kuvuka. Yasiyolingana turudi darasani hatuna ugomvi.

Sasa niishie hapa maana Alhamisi nina tesiti. Kesho jioni vijana wa grupu wanakuja kwangu niwaelekeze urari, nimewaambia wasipoteze hela stesheneri kutoa kopi, madesa (noti) yangu ya diploma ya mwaka 2014 bado ninayo na hakuna kilichobadilika.

Msomaji wako,
Mtunza vitabu, Morogoro