Guangzhou ni saa ngapi kutoka Mwanza?

Swali hili tunaulizwa karibu kila siku hapa ofisini Kirumba, hasa na wafanyabiashara wanaofuata mzigo China. Wengi wanafika wakiwa wameshaangalia kwenye simu: kilomita 9,100 na kitu, saa kumi na nusu hivi. Hesabu hiyo si ya uongo, ila ni ya mstari ulionyooka toka uwanja wetu wa Mwanza, na hakuna ndege ya abiria inayoufuata. Unakwenda kwanza Dar es Salaam, kilomita 850 hivi kwa anga, kama saa moja na nusu. Toka Dar hadi Guangzhou ni kilomita 8,700. Ndege ya moja kwa moja inatumia saa kumi na kidogo. Angani, basi, ni kama saa kumi na mbili jumla.

Lakini kinachowapotezea watu safari si kilomita. Ni kusoma saa.

Mteja wetu mmoja, mama anayeuza mikoba Makoroboi, alikuwa na tiketi ya tarehe 14, saa 00:30. Tulimwambia, "Mama, ni saa sita na nusu usiku." Akaelewa usiku wa tarehe 14, kama mtu yeyote angeelewa. Akatua Dar tarehe 14 alasiri na mabegi yake mawili, akatupigia: "Mwanangu, naambiwa ndege yangu imeondoka jana!" Kosa lilikuwa letu. Tulimtafsiria saa, tukasahau tarehe. Tangu siku ile, tiketi yoyote ya kati ya 00:00 na alfajiri tunaiandika juu kwa kalamu nyekundu: "Usiku wa kuamkia tarehe 14. Toka Mwanza tarehe 13 mchana." Halafu tunamwomba mteja aturudishie kwa maneno yake mwenyewe.

Jambo la pili ni kwamba saa za kwenye tiketi ni za kila mji. China wametutangulia saa tano. Ukiruka Dar saa sita na nusu usiku, utatua Guangzhou saa kumi jioni yao. Ukitoa saa kwa saa unapata kumi na tano na nusu, na watu wanaogopa bure. Kurudi ndiko kunakodanganya zaidi: unatoka kule saa kumi na moja jioni, unafika Dar saa tano usiku. Kwa macho ni saa sita tu, kumbe umekaa kwenye kiti kumi na moja. Muda huo ndege ya Mwanza huipati, kwa hiyo weka fedha ya kulala Dar.

Tiketi ya Mwanza na ya China zikikatwa mbalimbali, ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungoji, na mzigo unauchukua mwenyewe Dar na kuukabidhi upya. Tunapenda zikatwe pamoja. Isipowezekana, acha walau saa sita katikati. Wa Sengerema siku hizi mnavuka kwa daraja la Kigongo–Busisi, mmepona foleni ya kivuko. Wa Ukerewe bado mnategemea meli ya Nansio, kwa hiyo njooni mlale Mwanza.

Leta tiketi yako hata kama hukukatia kwetu. Tutaisoma pamoja, bure, na kalamu nyekundu ipo.